Mwimbaji Mmoja, Sauti Tatu

Sauti ya kwanza ikiimba do, sauti ya pili inakaa mi. Ya kwanza ikipanda re, ya pili inapanda fa. Kila aliyekulia kwenye kwaya, akasoma solfa iliyoandikwa ubaoni kwa chaki, analifanya jambo hili bila kuhesabu chochote. Lakini nafasi hizo mbili hazilingani: kutoka do hadi mi ni nusu toni 4, na kutoka re hadi fa ni nusu toni 3. Anayeshikilia nusu toni 4 kila mahali, akifika kwenye re atatua kwenye fe, na safu nzima itageuka kumtazama.

Tofauti hiyo ya nusu toni moja iliwachukua mafundi wa vyombo vya muziki miaka mingi, na bado inamsubiri kila mwimbaji anayenunua mtambo wa hamoni, akautoa kwenye boksi, akauchomeka na kudhani kazi imekwisha. Mtambo wenyewe ni kisanduku chenye swichi za kukanyaga, kinachowekwa sakafuni mbele ya mwimbaji. Sauti moja inaingia kwa waya wa maiki. Mbili, tatu au zaidi zinatoka kwenda kwenye spika.

Wanaokihitaji ni wengi katika mwambao wetu na bara pia. Yuko mwimbaji wa hoteli aliye peke yake na gitaa, kuanzia Diani hadi Nungwi. Yuko kiongozi wa sifa katika kanisa lenye waimbaji wachache, na yuko msanii wa harusi ambaye malipo yake hayatoshi kugawana na waitikiaji wawili. Zamani bendi kama Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, ilipanga waimbaji kadhaa mbele ya jukwaa, na namna sauti zao zilivyopishana na kukutana kwenye kiitikio ilikuwa nusu ya utamu wa Sikinde, mtindo wa bendi hiyo. Kisanduku hakiwezi kuirudisha safu ile, wala hakuna haja ya kudai kwamba kinaweza. Kikipangwa vizuri, kinakipa kiitikio unene na kumpa mwimbaji mmoja nafasi ya kubeba wimbo ulioandikwa kwa ajili ya watatu. Kikipangwa vibaya kinaharibu hata sauti ile moja iliyokuwepo.

Historia yake inaanzia New York. Mwaka 1975 kampuni ya Eventide iliingiza sokoni H910, mtambo uliobuniwa na mhandisi Tony Agnello, wenye uwezo wa kupandisha au kushusha sauti kwa hadi oktava moja papo hapo, mtu akiwa bado anaimba. Mteja wake wa kwanza hakuwa mwanamuziki. Kilikuwa kituo cha televisheni cha jijini humo kilichokuwa kikirudia vipindi vya I Love Lucy kwa kasi iliyozidi kidogo ili nafasi ya matangazo iongezeke. Kasi ile ilizipandisha sauti za waigizaji, na H910 ikazirudisha chini. Wanamuziki hawakuchelewa: mtayarishaji Tony Visconti aliutumia kwenye ngoma za Low, albamu ya David Bowie iliyotoka mwaka 1977.

Hata hivyo H910 haikujua muziki. Ikiambiwa ipande nusu toni 4, ilipanda 4 kwenye do, 4 kwenye re, na 4 hadi mwisho wa wimbo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni hiyohiyo ilipotoa H3000, ndipo mtambo ulipoweza kuelezwa skeli ya wimbo, ukasikiliza nota inayoimbwa na kuamua wenyewe kama sauti ya pili ikae nusu toni 3 au 4 juu yake.

Likabaki tatizo jingine. Sauti ya mtu ikipandishwa hivihivi hugeuka kuwa ya katuni. Ross Bagdasarian aliigeuza kasoro hiyo kuwa biashara mwaka 1958 aliporekodi wimbo wa Krismasi wa Chipmunks kwa kuchezea kasi ya mkanda, na watoto wa leo wanawajua wanyama hao kwa filamu za Alvin. Sababu iko mwilini. Mtu akipanda kutoka do hadi mi, nyuzi za koo lake hutetemeka haraka zaidi, lakini ukubwa wa koo na kinywa chake unabaki uleule, na ndio unaotutambulisha kwamba anayeimba ni mtu mzima, mwanamume au mwanamke. Mkanda ukikimbizwa, vyote viwili vinapanda pamoja. Miongoni mwa waliofanya kazi ya kuvitenganisha ni IVL Technologies ya mji wa Victoria, Kanada. Ujuzi wao uliingia kwenye mitambo ya Vocalist iliyouzwa na DigiTech miaka ya 1990, na mwaka 2000 ukazaa TC-Helicon, kampuni iliyoundwa kwa kushirikiana na TC Electronic ya Denmark. Pedali za TC-Helicon, pamoja na zile za familia ya VE kutoka Boss ya Japani, ndizo zinazoonekana zaidi miguuni mwa waimbaji.

Mwenye pedali hizo anakabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: mtambo utajuaje wimbo uko wapi?

Njia nyepesi ni kuueleza ufunguo. Mwimbaji anazungusha kitufe hadi G, anachagua kama ni meja au maina, basi. Kwa tenzi na kwa nyimbo nyingi za kiitikio zinazokaa kwenye ufunguo mmoja mwanzo hadi mwisho, njia hii inatosha na haisumbui. Udhaifu wake unajitokeza pale wimbo unapotoka nje ya skeli hata kwa kordi moja. Wimbo ulio katika C meja ukipita kwenye kordi ya E meja, kama nyimbo nyingi zinavyofanya zikielekea A maina, mtambo utaendelea kuimba G ya kawaida wakati gitaa linapiga G iliyopandishwa. Mgongano huo hauvumiliki. Na waimbaji wa injili wanaopenda kupandisha ufunguo kwenye ubeti wa mwisho wanapaswa kuhifadhi mpangilio wa pili kwenye kumbukumbu ya mtambo na kuukanyaga kwa wakati wake, la sivyo kilele cha wimbo ndicho kitakachoharibika.

Njia ya pili ni kuliacha gitaa liseme. Waya wa gitaa unaingia kwenye mtambo kwanza, halafu unatoka kwenda kwenye amplifaya au mixa. Mtambo unasikiliza kordi, unatambua kama ni meja au maina, na kuzipanga sauti zake kulingana nayo. Ni njia nzuri sana, lakini inadai upigaji wenye nidhamu. Kordi inatakiwa isikike kabla ya neno la kwanza la mstari, kwa sababu mtambo unashikilia kordi ya mwisho uliyoisikia. Mpigaji anayechelewa kubadili vidole anaifanya hamoni ianze kwenye kordi ya zamani na kuhama katikati ya neno. Kordi ya nota mbili tu, do na so, haiuambii mtambo lolote kuhusu meja au maina, maana nota ya kutofautisha, mi, haimo. Nyuzi lazima ziwe zimetiwa sauti kwa mashine, A ikiwa 440, kwa kuwa mitambo mingi inaimba kwa kipimo hicho. Gitaa lililotiwa sauti kwa sikio na kukaa chini kidogo litapatana na mwimbaji lakini litagombana na waitikiaji wa ndani ya kisanduku.

Hapa wapigaji wa Afrika Mashariki wana shida yao maalumu. Benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, au sebene ya rumba ya Kongo, havijengwi kwa kordi nzito za kupiga juu chini. Gitaa linadonoa nota moja moja, linajibizana na mwimbaji, linakimbia. Mtambo uliozoeshwa kordi kamili unasikia mfululizo wa nota na kubahatisha. Anayepiga kwa mtindo huo arudi kwenye njia ya ufunguo, au mwenzake wa ridhimu ndiye apitishe gitaa lake mtambani.

Njia ya tatu ni kinanda kilichounganishwa kwa MIDI, ambapo mpigaji anabonyeza zile nota hasa anazotaka ziimbwe. Imogen Heap alirekodi wimbo wake wa Hide and Seek, uliotoka mwaka 2005, kwa sauti yake na mtambo wa DigiTech ulioongozwa na kinanda, na wasikilizaji duniani kote wakaamini kwamba sauti ya mtu mmoja inaweza kusimama kama kwaya. Kwa kanisa lenye mpiga kinanda mwenye mikono myepesi, hakuna njia inayotoa matokeo makini zaidi ya hii.

Swali la kwanza likishajibiwa, linabaki la pili, ambalo wengi hulipuuza: mtambo unasikia nini kupitia maiki? Unatakiwa kusikia mtu mmoja tu. Ngoma iliyo mita 2 nyuma ya mwimbaji, spika ya jukwaani iliyoelekezwa vibaya, hata gitaa lenye sauti kubwa, vyote vinaingia kwenye maiki, na mtambo hauna akili ya kubagua. Utajaribu kuvitungia hamoni navyo. Matokeo ni sauti zinazotetemeka na kurukaruka hata pale mwimbaji anaponyamaza. Dawa ni maiki ya kawaida ya jukwaani inayosikia mbele tu, ya aina ya Shure SM58, ikae karibu na midomo, umbali wa vidole viwili au vitatu. Spika ya mwimbaji ikae nyuma kabisa ya maiki. Maiki za kondensa zinazotumika studio hunasa kila kitu na pia zinadai umeme wa volti 48 kutoka mtambani. Kwa jukwaa lenye ngoma, ziachwe nyumbani.

Kisha kiwango cha kuingia. Mwimbaji anaimba mstari wenye nguvu kuliko yote katika onyesho lake, siyo ule wa kunong'ona wa mwanzo, na kitufe kinapandishwa hadi taa ya kijani iwake vizuri bila nyekundu kuonekana. Sauti iliyokwaruza mlangoni itakwaruza mara tatu ikitoka. Mtambo ukiwa umekaa kati ya maiki na mixa, fundi mitambo naye lazima aanze upya kwenye chaneli yake, kwa sababu kinachomfikia hakina nguvu ileile ya maiki tupu. Ni heshima, na ni usalama wa spika zake pia, kumweleza hivyo kabla hajafungua sauti. Afadhali aelezwe na jambo jingine: asiongeze mwangwi wake juu ya mwangwi wa mtambo. Mmoja wao ndiye awe na kazi hiyo.

Mvumo wa umeme ukisikika, ule wa chini unaodumu hata kukiwa kimya, mara nyingi chanzo ni njia mbili za ardhi: mtambo umechomekwa kwenye soketi moja, mixa kwenye nyingine upande wa pili wa ukumbi. Swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye baadhi ya mitambo, au kwenye kisanduku cha DI kinachounganisha gitaa na mixa, inaumaliza. Waya wa ardhi wa plagi yenyewe usikatwe kamwe, hata fundi akisema amezoea. Mwimbaji anashika nyuzi za chuma huku midomo ikigusa maiki ya chuma.

Kinachofuata ni cha sikio zaidi kuliko cha vitufe, na hapa ndipo waimbaji wengi wanapoachana na mtambo wao mapema mno au kuupenda kupita kiasi. Sauti za hamoni zianzie sifuri. Zipandishwe polepole wakati kiitikio kinaimbwa, hadi zisikike waziwazi, kisha zishushwe kidogo kutoka hapo. Maneno ni ya sauti kuu. Msikilizaji akianza kuwasikiliza waitikiaji badala ya mwimbaji, zimezidi. Sauti moja ya juu yake, kwenye nafasi ya tatu kama mi juu ya do, inafaa nyimbo nyingi zaidi kuliko sauti tatu zinazojazana. Mwanamke mwenye sauti ya juu atapata utamu zaidi akiongeza sauti ya chini yake, maana ya juu ikimzidi inakuwa nyembamba na kuchoma masikio. Mwanamume wa besi naye ajue kwamba mtambo unahitaji muda: nota ya Hz 100 inachukua milisekunde 10 kumaliza mzunguko mmoja, na kisanduku hakiwezi kuitambua bila kusikia angalau mizunguko miwili. Kucheleweshwa huko kwa milisekunde 20 ni sawa na kumsikia mwenzako aliye mita 7 kutoka ulipo. Kwa wimbo wa polepole hakuna anayehisi. Kwa maneno ya haraka hamoni inaonekana kuburuta miguu.

Mitambo mingi ina kitufe cha kuzifanya sauti zitofautiane kidogo kwa muda na kwa toni, kama waimbaji halisi wasivyoanza neno kwa sekunde ileile. Kitufe hicho kina thamani kubwa kuliko rangi na mwangwi wote uliomo. Waitikiaji walionyooka mno wanasikika kama kinanda. Waliolegezwa kidogo wanasikika kama watu.

Kiswahili chenyewe kinampa mwimbaji msaada. Mstari unaishia kwa irabu, na irabu iliyovutwa, a au e au o, ndiyo chakula cha mtambo huu: ina toni wazi, inadumu, na kila sauti inapata muda wa kukaa mahali pake. Kinyume chake ni s na sh. Herufi hizi hazina toni. Ni upepo tu. Sauti tatu zikitamka "sisi" kwa pamoja, upepo unakuwa mara tatu na spika zinachemka. Mwimbaji mzoefu anazilainisha s zake kwenye kiitikio, au anapunguza kidogo sauti kali za hamoni, na tatizo linaisha.

Na mguu ujifunze kazi yake. Hamoni iwashwe kwenye kiitikio na kuzimwa kwenye ubeti. Wimbo wenye waitikiaji kila mstari unachosha mapema, na kiitikio kinakosa mahali pa kukua. Kuna sababu nyingine ya kuuzoesha mguu kuzima: mwimbaji akimaliza wimbo, akaanza kuwasalimu wageni huku swichi iko wazi, "habari za jioni" itatoka kwa sauti tatu, na ukumbi mzima utacheka mahali ambapo hakupanga. Zoezi hili lifanyike nyumbani, siku kadhaa, hadi mguu ukanyage bila macho kutazama chini. Anayetazama sakafu kila kiitikio amewaacha wasikilizaji wake.

Baada ya yote haya linakuja jambo ambalo vitabu vya maelekezo havilisemi, na ambalo kwa muziki wetu ni zito. Mitambo hii imetengenezwa kwa skeli ya nota 12 za kinanda cha Ulaya. Dansi, injili na bongo fleva zinakaa humo bila shida. Muziki wa Wagogo wa Dodoma haukai. Mtafiti Gerhard Kubik alionyesha kwamba skeli yao imejengwa juu ya mfuatano wa asili wa mlio, ule unaotoka kwenye uzi mmoja ukiguswa mahali mbalimbali, na kwamba sauti ya pili inapatikana kwa kuruka nota moja ya skeli hiyo. Ndiyo maana hamoni ya Wagogo ina nafasi za nne na za tano ambazo mtambo uliopangwa kwa nafasi ya tatu hauzigusi. Nota ya 7 katika mfuatano ule iko chini ya nota ya kinanda iliyo karibu nayo kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Aliyewahi kumsikia Hukwe Zawose, gwiji wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, anaijua nota hiyo hata kama hajawahi kuhesabu senti. Mtambo wenye kitufe cha kusahihisha sauti ukiwa wazi utaiinua nota hiyo hadi kwenye kinanda, na kile kilichoufanya wimbo uwe wa Kigogo kitakuwa kimefutwa.

Taarab iko katika hali hiyohiyo. Maqamu ya rasti, ambayo vikundi kama Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, vimeipiga kwa vizazi, ina nota ya tatu isiyo ya meja wala ya maina, imekaa katikati. Mtambo utaisukuma upande mmoja au mwingine, na mwimbaji atasikia kwamba amenyang'anywa sauti yake.

Kwa nyimbo za namna hii hatua ya kwanza ni kuzima usahihishaji wa sauti kabisa, kwenye sauti kuu na kwenye hamoni. Ya pili ni kuacha nafasi za tatu na kuchagua oktava. Oktava haitegemei skeli yoyote: ni mara mbili au nusu ya kile kinachoimbwa, popote kilipo, kwa hiyo nota ya katikati ya rasti inarudi ikiwa ya katikati vilevile. Oktava ya chini, kwa kiasi kidogo, inamwekea mwimbaji wa taarab mtu wa pili nyuma yake bila kumgusa nota hata moja. Kwa muziki wa Kigogo, baadhi ya mitambo mikubwa inaruhusu mtumiaji kupanga mwenyewe kila nota ijibiwe na ipi. Mwenye subira anaweza kuandika nafasi za nne na za tano kama wazee wanavyoziimba, kisha akaanza kujaribu pamoja na mtu anayeujua wimbo tangu utotoni, akiwa amekaa karibu na kusema nota ipi imekaa na ipi haijakaa.